Purimu: Sikukuu ya Kura, na Kitabu cha Esta Katikati ya Jiji

Kati ya vitabu vya Agano la Kale, kitabu cha Esta ni kimojawapo ambacho wengi wetu tunakijua kwa vipande tu. Akina mama wa usharika wanakijua kwa mfungo wa siku tatu. Katika sherehe za kumfunda bibi harusi hutajwa yale mafuta ya manemane na manukato ya sura ya 2. Mhubiri anayetaka kuwatia moyo vijana hukimbilia 4:14 na kuishia hapo. Lakini kitabu chenyewe hakikuandikwa kwa ajili ya mfungo wala kwa ajili ya harusi. Kiliandikwa ili kueleza chanzo cha sikukuu moja na kuagiza ishikwe kizazi hata kizazi, kama 9:20-32 inavyoonyesha wazi. Sikukuu hiyo ni Purimu.

Katika makala haya tunakusudia kueleza maana ya Purimu na jinsi Wayahudi wanavyoiadhimisha. Hapana budi pia kuuliza swali ambalo wanafunzi wetu hulikwepa: Mlutheri akipanda mimbarini na kitabu hiki mkononi, anapanda akiwa upande wa nani? Tunaliuliza swali hilo tukiwa Dar es Salaam, katika mitaa iliyo kati ya Kanisa Kuu la Azania Front na soko la Kariakoo, kwa kuwa Esta ni kitabu cha mji wenye watu wa kila namna, na mambo yake yanaeleweka vizuri zaidi mahali pa jinsi hiyo.

Kura

Jina Purimu limetokana na neno puri, ambalo mwandishi wa kitabu mwenyewe analifasiri kuwa ni kura (3:7, 9:24, 26). Hamani, waziri wa mfalme Ahasuero wa Uajemi, alitaka kuwaangamiza Wayahudi wote wa milki ile. Akapigiwa kura mwezi baada ya mwezi, ikaangukia mwezi wa kumi na mbili, yaani Adari; na siku iliyowekwa katika barua ilikuwa ya kumi na tatu ya mwezi huo. Katika mitaa yetu kura ni jambo la kila siku. Wanawake wa mchezo wa upatu hupiga kura ili kujua ni nani atakayepokea kwanza, na hakuna anayelalamika, maana kura haina upendeleo. Tisho la kitabu cha Esta limo humo humo: jambo la haki na la kawaida limetiwa mkononi mwa mtu mwenye chuki, na siku ya mauaji imepangwa kwa utaratibu mzuri, pamoja na muhuri, waandishi na matarishi.

Msomaji aangalie pia tarehe ya barua zile. Ziliandikwa siku ya kumi na tatu ya mwezi wa kwanza (3:12), yaani siku moja kabla ya siku ya kuchinjwa mwana-kondoo wa Pasaka. Mwandishi hasemi lolote juu ya jambo hilo, kama vile asivyolitaja jina la Mungu hata mara moja katika kitabu kizima. Anaiweka tarehe mbele yetu na kunyamaza. Kwa maoni yetu huo ndio ufunguo wa namna yake ya kuandika: kwake Mungu hatajwi, bali anaonekana katika kalenda, katika usiku ambao mfalme alikosa usingizi (6:1), na katika msaada ambao Mordekai anasema utatoka mahali pengine. Watafsiri wa Kiyunani hawakuweza kuvumilia ukimya huo. Waliongeza sala ndefu za Mordekai na Esta, na nyongeza hizo Luther alizitenga pamoja na vitabu vya Apokrifa katika Biblia yake ya mwaka 1534.

Je, mambo haya yalitokea kama yalivyoandikwa? Wataalamu wengi humtambua Ahasuero kuwa ni Ahasuero wa Kwanza, yule Wayunani waliyemwita Xerxes, aliyetawala kuanzia 486 hadi 465 K.K.; lakini malkia anayetajwa na mwanahistoria Herodotus ni Amestris, si Vashti wala Esta. Hatutakawia hapo. Sikukuu haisimami juu ya kumbukumbu za ikulu ya Shushani.

Jinsi inavyoadhimishwa

Purimu huangukia siku ya 14 ya Adari, mbalamwezi ikiwa pevu, mwezi mmoja kabla ya Pasaka ya Kiyahudi. Katika miji iliyokuwa na kuta tangu zamani, na hasa Yerusalemu, huadhimishwa siku ya 15, kwa sababu iliyoelezwa katika 9:18-19. Kwa kuwa kalenda ya Kiyahudi hufuata mwezi na jua pamoja, huongezewa mwezi mzima mara saba katika kila miaka 19, na katika miaka hiyo Purimu huwa katika Adari ya pili. Siku iliyotangulia watu hufunga, kwa kumkumbuka Esta. Mwaka 2025 Purimu iliangukia Ijumaa, tarehe 14 Machi. Siku hiyohiyo Wahindu walikuwa katika sikukuu yao ya rangi, Holi, inayofuata mbalamwezi hiyohiyo. Waislamu walikuwa katika Ramadhani. Na sisi tulikuwa katika Kwaresima. Mtu aliyetembea siku kama hiyo kutoka Kisutu hadi Kariakoo amepita katika kalenda nne kwa mwendo wa nusu saa.

Wajibu wa siku hiyo ni mambo manne, na yote yametolewa katika kitabu chenyewe, hasa 9:22 na 9:28. La kwanza ni kulisikia gombo la Esta likisomwa lote, jioni na tena mchana. Kila linapotajwa jina la Hamani, watoto hupiga makelele, hukanyaga sakafu na kuzungusha vifaa vya kelele ili jina lisisikike. Majina ya wanawe kumi husomwa kwa pumzi moja. Watu huvaa nguo za kujigeuza, mtoto akawa mfalme na mzee akawa kituko, na hulika vitumbua vya pembetatu ambavyo kwa Kiebrania huitwa masikio ya Hamani.

Msomaji wetu anaweza kukwazwa na kelele hizo katika nyumba ya ibada. Lakini sisi tunao utani. Tunajua jinsi mtani anavyoweza kuingia msibani, akalala palipokuwa pa marehemu, akadai pesa, akawachekesha wafiwa mbele ya jeneza, wala hakuna anayesema kwamba ameudharau msiba. Kicheko cha Purimu kina ukoo na utani huo. Ni kicheko cha watu waliokwisha kuandikiwa hukumu ya kifo, wakimcheka aliyeiandika. Kitabu chenyewe kinacheka: mfalme wa majimbo 127 hawezi kumtawala mkewe, na waziri wake analazimika kumwongoza farasi wa mtu anayemchukia.

Jambo la pili ni kupelekeana sehemu za chakula. Wanazuoni wa Kiyahudi waliweka kiwango cha chini kuwa vyakula viwili kwa mtu mmoja. Hili halihitaji maelezo marefu Kariakoo, ambako sahani ya futari au ya pilau ya Idi hupita uani kwenda kwa jirani Mkristo, na sahani hairudi tupu.

La tatu ni zawadi kwa maskini, angalau maskini wawili. Hapa sheria ya Kiyahudi inasema jambo ambalo linafaa kufundishwa katika somo letu la diakonia: siku ya Purimu kila anyoshaye mkono hupewa, wala hachunguzwi. Siku nyingine mtoaji anaweza kuuliza kama mwombaji ana shida kweli, lakini si siku hiyo. Maimonides, mwanazuoni mkuu wa karne ya 12, aliandika kwamba ni heri mtu azidishe zawadi za maskini kuliko karamu yake, maana hakuna furaha iliyo kubwa na nzuri kama kuifurahisha mioyo ya maskini, yatima na wajane. Anayeijua Ijumaa ya katikati ya jiji, na mstari wa waombaji wanaopita duka kwa duka wakipokea sarafu bila kuulizwa majina, anaijua sura ya agizo hili.

La nne ni karamu yenyewe, pamoja na divai. Talmudi inasema mtu anywe hata asiweze kutofautisha kati ya laana ya Hamani na baraka ya Mordekai. Wengi hulinukuu agizo hilo kwa furaha. Wachache huendelea kusoma sentensi inayofuata, inayosimulia jinsi Raba alivyolewa katika karamu ya Purimu akamchinja mwenzake Rabi Zeira, kesho yake akamwombea, akafufuka. Na mwaka uliofuata alipomwalika tena, Zeira akajibu kwamba muujiza hautokei kila saa. Waliokusanya Talmudi waliijua hatari ya sikukuu yao wenyewe.

Luther na Esta

Sasa tufike nyumbani kwetu. Katika Mazungumzo ya Mezani imeandikwa kwamba Luther alikuwa adui wa kitabu cha Wamakabayo wa pili na cha Esta, hata akatamani visingekuwapo, kwa kuwa vilikuwa vya Kiyahudi kupita kiasi. Mwaka 1543, katika andiko lake dhidi ya Wayahudi, alidai kwamba wanakipenda kitabu cha Esta kwa sababu kinalingana na tamaa yao ya kisasi. Katika andiko hilohilo aliwashauri watawala wachome masinagogi na kubomoa nyumba za Wayahudi. Mwanafunzi asiyejua jambo hili atalisikia siku moja kutoka kwa mtu mwingine, na itakuwa aibu kwetu sisi waalimu wake.

Mwaka 1946 Julius Streicher, mchapishaji wa gazeti la chuki la Wanazi, alijitetea mbele ya mahakama ya Nuremberg kwa kulitaja jina la Luther na andiko lile. Alipopandishwa kitanzini tarehe 16 Oktoba 1946 alipiga kelele akiitaja Purimu. Mtu huyo alielewa vizuri kuliko wanateolojia wengi kwamba kitabu cha Esta kilikuwa kinamhusu, na kwamba nafasi yake ndani ya kitabu ni ya Hamani. Kinachotuumiza ni kwamba njiani kuelekea nafasi hiyo alipitia maktaba yetu.

Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani halikukaa kimya. Mkutano wake mkuu wa sita ulifanyika hapa Dar es Salaam mwezi Juni 1977. Ndio uliomchagua Askofu Josiah Kibira kuwa Mwafrika wa kwanza kushika urais wa Fungamano, na ndio uliotamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la ukiri wa imani. Miaka saba baadaye, mkutano mkuu wa Budapest wa 1984 ulipokea taarifa ya mazungumzo yaliyofanyika Stockholm mwaka 1983 kati ya Walutheri na Wayahudi, ambamo upande wetu uliyakataa maneno makali ya Luther dhidi ya Wayahudi. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani lilifanya vivyo hivyo kwa tamko lake lenyewe. Sisi tunaziona Dar es Salaam na Budapest kuwa hatua mbili za njia moja. Mtu aliyekiri mwaka 1977 kwamba Injili haivumilii watu kutengwa kwa asili yao hawezi kuliacha andiko la 1543 likae rafuni bila kulijibu.

Sura ya tisa

Hata hivyo hatuwezi kumshutumu Luther kisha tukajifanya hatuoni alichokiona. Sura ya 9 inasema Wayahudi waliwaua adui zao 500 Shushani, na siku ya pili 300, na katika majimbo 75,000 (maandishi ya Kiyunani yanasema 15,000). Mpango wa masomo wa miaka mitatu unaotumiwa na makanisa mengi duniani unamleta Esta mara moja tu, na unaruka kutoka 7:10 hadi 9:20. Washarika husikia habari za karamu bila kusikia habari za damu. Hatudhani ruko hilo linamsaidia mtu yeyote.

Mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, barua ya Hamani haikuweza kufutwa, maana amri ya mfalme wa Uajemi haitanguki (8:8). Mordekai aliweza tu kuandika barua nyingine iliyowaruhusu Wayahudi kusimama na kujilinda. Pili, mwandishi anarudia mara tatu kwamba hawakugusa nyara (9:10, 15, 16). Mordekai ni Mbenyamini wa ukoo wa Kishi, na Hamani ni Mwagagi, anayemkumbuka Sauli mwana wa Kishi, aliyeanguka kwa ajili ya nyara za Agagi (1 Sam. 15), atajua kwa nini jambo hilo linarudiwa. Lakini maelezo haya hayaiondoi hatari yote. Tarehe 25 Februari 1994, siku ya Purimu, Ijumaa ya mwezi wa Ramadhani, Baruch Goldstein aliwaua kwa bunduki Waislamu 29 waliokuwa katika sala huko Hebroni. Yeye alijiona Mordekai. Serikali ya Israeli na viongozi wengi wa Kiyahudi walimlaani. Mwalimu wa Esta katika jiji hili, ambako jirani wa mlango wa pili ni Mwislamu, asikifundishe kitabu bila kuitaja siku hiyo. Tena akumbuke kwamba jirani huyo naye anamjua Hamani, kama waziri wa Firauni ndani ya Kurani.

Barua na mji

Wayahudi wana desturi ya kuweka Purimu za mahali, pale jumuiya fulani inapookoka. Wa Kairo waliweka yao mwaka 1524, baada ya gavana muasi Ahmad Pasha aliyewatishia kuangushwa. Wa Casablanca waliandika gombo lao baada ya majeshi ya Washirika kutua Moroko mwezi Novemba 1942. Karibu zaidi na kwetu iko jumuiya ya Abayudaya ya Mbale, Uganda, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970. Waliobaki walisali kwa siri. Amin huyohuyo ndiye aliyewapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda, mwezi Agosti 1972. Majeshi yetu ya Tanzania yaliitwaa Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaanza. Hatuongezi neno juu ya tarehe hiyo. Mwandishi wa Esta ametufundisha kuziacha tarehe ziseme.

Aya ambayo mhubiri wa mjini angepaswa kuijua kwa moyo ni 3:8. Hamani hasemi uongo mtupu. Anasema kwamba kuna taifa lililotawanyika kati ya mataifa, kwamba sheria zake ni tofauti na za wengine, kisha kwamba halimfai mfalme. Sehemu ya kwanza ni kweli, ya pili ni kweli nusu, na ya tatu ni sumu. Hata jina la taifa hakulitaja. Dar es Salaam imelisikia neno la namna hiyo tangu zamani. Watawala wa kikoloni waliipanga kwa rangi, Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na kiwanja cha Mnazi Mmoja kikaachwa wazi ili kuwatenganisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 majukwaa yalivuma neno magabacholi dhidi ya Waasia wa jiji hili, na aliyelivumisha zaidi alikuwa mhubiri wa Kikristo. Aprili 1993 maduka ya nyama ya nguruwe yalivunjwa. Oktoba 2012 makanisa ya Mbagala yalishambuliwa. Kila mara lilitangulia neno lenye ukweli kidogo, juu ya watu ambao sheria zao ni tofauti. Barua ya Hamani ilipotoka, mfalme na Hamani waliketi kunywa, bali mji wa Shushani ulifadhaika (3:15). Tungependa wanafunzi wetu wahubiri juu ya mji ule uliofadhaika. Mji haukuwa wa Wayahudi, lakini ulielewa.

Siku hizi baadhi ya makanisa ya jijini hupiga baragumu na kupeperusha bendera ya Israeli ibadani. Kwa hiyo tuseme wazi kwamba hatupendekezi sharika zetu zifanye Purimu. Sikukuu hii ina wenyewe, nao bado wako, na wengine wao wako Nairobi na Mbale. Tunachopendekeza ni jambo dogo: kitabu kisomwe chote kwa sauti katika kikao kimoja, kama chini ya saa moja hivi, pamoja na sura ya 9, na asiwepo wa kukifafanua mpaka kiishe.

Watakaofanya hivyo watafika kwenye mwisho ambao wahubiri hawaufiki. Marabi waliuliza kwa nini zaburi za sifa, zinazosomwa siku ya Pasaka, hazisomwi siku ya Purimu. Mmojawapo alijibu kwamba waliotoka Misri waliacha kuwa watumwa wa Farao, bali waliookoka Shushani walibaki kuwa watumwa wa Ahasuero. Sura ya 10, yenye aya tatu tu, inaanza na mfalme akitoza kodi nchi na visiwa vya bahari. Mwenye duka wa Kariakoo, ambako milango ilifungwa mwezi Mei 2023 na tena Juni 2024 kwa mgogoro wa kodi, ataielewa aya hiyo kabla mchungaji hajafungua kinywa.